Kazi ya pili Ujerumani: hesabu saa kabla hujasaini

Kama una ajira ya saa 40 kwa wiki hapa Ujerumani na umepata minijobu ya kujazia, yaani kazi ndogo ya saa chache, chukua kalamu kwanza. Minijobu mwaka huu wa 2026 ina ukomo wa yuro 603 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara ni yuro 13.90 kwa saa. Gawanya: inatoka saa 43 na ushei kwa mwezi, yaani kama saa 10 kila wiki. Arobaini na kumi ni hamsini. Sheria ya saa za kazi inakuruhusu 48.

Saa mbili hizo zinazozidi ndizo zilizonitia matatani, na bado nakutana na watu wanaodhani kila mkataba una saa zake, huu usiku, ule mchana, na havijuani. Sivyo. Saa za waajiri wote zinajumlishwa. Ukibeba vifurushi kwa huyu na kuogesha wazee kwa yule, mbele ya sheria wewe ni mfanyakazi mmoja mwenye mgongo mmoja. Mtu akikwambia minijobu haihesabiwi kwa kuwa haina kodi, mwambie kodi na saa ni vitu viwili tofauti. Zinajumlishwa. Nitalisema tena huko mbele, uvumilie.

Wiki moja moja unaweza kuzidi. Sheria inaruhusu hadi saa 10 kwa siku, ilimradi ndani ya miezi sita wastani urudi kwenye saa nane kwa siku za kazi sita, ndiyo hiyo 48. Kwa hiyo mwenye kazi nyingi Desemba na chache Januari hana tabu. Tabu ni ya mwenye mikataba miwili ambayo kwenye karatasi tu tayari imepita 48, kila wiki, mwaka mzima. Hapo mkataba wa pili unaweza kuhesabiwa batili, na wewe ndiye unayebaki unaeleza.

Kisha kuna mapumziko ya kati ya zamu, ambayo watu wetu hawayajui kabisa: saa 11 mfululizo. Kwenye hospitali na nyumba za wazee zinaweza kupunguzwa hadi 10 kama zitafidiwa siku nyingine, lakini si saba. Mimi zamu ya ghalani ilikuwa inaisha saa tano usiku na ya wazee inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Ukitoa treni, kuoga na kuchemsha chai, usingizi unabaki wa saa nne, tano ukibahatika. Na hakuna aliyeuliza. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza, mishahara ikiingia yote miwili, nami nikidhani mambo ni shwari.

Mtego hauumi siku unapouingia. Unauma siku unapougua. Niliteleza kwenye njia ya kupakilia mizigo, kifundo cha mguu kikavimba. Ukiumia kazini hapa hupelekwi kwa daktari wako wa kawaida, unapelekwa kwa daktari maalumu wa ajali za kazi, naye anajaza fomu kwa ajili ya bima: ajali saa ngapi, kwa mwajiri gani, siku hiyo ulianza kazi saa ngapi. Ukajibu kweli, maana ndivyo inavyotakiwa. Kwa kuwa mguu huo huo ndio unaokupeleka kwa wazee, cheti cha ugonjwa kinakwenda na kule. Na kule wakauliza umeumia wapi.

Kwa kawaida ukiugua, mwajiri anaendelea kukulipa mshahara hadi wiki sita, hata kama uliumia kwenye kazi ya pili. Wangu wa kule kwa wazee aliuzuia. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya pili haikuripotiwa na imevunja saa za kupumzika. Juu yake ikaja barua ya onyo. Niliwaambia kwamba msimamizi wa zamu alikuwa anajua, nilimwambia mwenyewe jikoni, akaitikia "sawa, sawa". Ofisi ya utumishi ikajibu kwamba haina karatasi. Hapa usipokuwa na karatasi hukusema. Mlango ukigongwa na mdomo hausikiki.

Sasa elewa kwa nini mwajiri alikasirika kiasi kile. Saa zikivunjwa, faini haikuangukii wewe, inamwangukia yeye, na inaweza kufika yuro 30,000. Kwa hiyo anapogundua kwamba una kazi nyingine hafikirii usingizi wako, anafikiria mkaguzi. Ndiyo maana barua zinatoka haraka.

Kwa hiyo andika. Kabla hujasaini kazi ya pili, mwandikie mwajiri wa kwanza, si msimamizi wa zamu, si rafiki yako wa ofisini: ofisi ya utumishi. Taja aina ya kazi, siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, jumla ya saa kwa wiki. Omba jibu la maandishi, ulitunze. Hawezi kukukatalia kwa chuki tu. Anaweza kukukatalia kama unakwenda kwa mshindani wake, au saa zinazidi, au utakuja zamu umechoka. Na kwenye mkataba wa pili usiikimbilie 603 yote. Mwenye saa 40 aombe saa saba au nane kwa wiki, ziandikwe. Mwenye 38.5 ana nafasi ya 9.5. Nimesema zinajumlishwa.

Mengine ni mepesi. Utatoa namba ya kodi, namba ya bima ya jamii na akaunti ya benki. Aliyewahi kupanga foleni ya NIDA au Huduma Centre hatoki jasho.

Kadi ya ukaazi lakini isome, na karatasi ya kijani inayoambatana nayo pia, kama unayo. Ikiandikwa "Erwerbstätigkeit erlaubt" uko huru kufanya kazi yoyote. Ikitajwa kazi moja au mwajiri mmoja, nenda ofisi ya wageni kwanza. Walio kwenye mafunzo ya ufundi wanaruhusiwa saa 20 kwa wiki za kazi ya pembeni tangu Machi 2024. Wanafunzi wa chuo wana siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Mayaya wa mwaka mmoja, wale wa au pair, hawaruhusiwi kitu kingine, na nawajua wanaosafisha ofisi usiku kwa malipo ya mkononi. Binti yangu, ukiumia huko nani atakujazia fomu?

Kuna na mtego mdogo wa minijobu mbili. Kwenye vikundi vya WhatsApp utaambiwa chukua mbili, zote hazikatwi. Mwenye ajira ya kudumu anapewa minijobu moja tu iliyo nafuu, ile aliyoianza kwanza. Ya pili inaunganishwa na ajira kubwa: bima ya afya na pensheni zinakatwa, na kodi yake inakatwa kwa daraja la sita, ambalo ndilo kali kuliko yote. Minijob-Zentrale, ofisi inayosajili minijobu, inaona minijobu zako zote kwenye mfumo, hata kama waajiri hawajuani. Ukishakatwa daraja la sita lazima ujaze taarifa ya kodi ya mwaka, na hapo baadhi ya hela huwa inarudi.

Jamaa wa nyumbani, hapa nazungumza nanyi kwa heshima zote. Shangazi aliniuliza kwa nini nalala mchana ilhali Ulaya kuna kazi tele. Mjomba akapiga hesabu ya 603 kwa shilingi, akatangaza kwenye kikao cha harusi kwamba mchango wangu umepanda. Siwalaumu, kwetu mtu mwenye kazi moja anaonekana mvivu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, lakini mwalimu mwenye duka, karani mwenye bodaboda mbili, nesi anayefuga kuku, nani huwa anawajumlishia? Mazoea hayo ndiyo tunayopanda nayo ndege. Lakini naombeni mjue kwamba ile minijobu inakwenda kwenye pango la nyumba na umeme kabla haijafika kwenu, na kwamba mtu akisema "mwezi huu sina", hana. Na tangu Kenya iliposaini makubaliano ya wafanyakazi na Ujerumani, Septemba 2024, naona vijana wanakuja na orodha ya michango waliyoahidi hata kabla ya kupata kitanda. Muwaache walau wamalize kujifunza lugha.

Wajerumani wenyewe nawasoma hivi. Wanauheshimu muda wa mapumziko kuliko watu wote nilioishi nao. Saa ya kutoka ikifika kalamu inalala hapo hapo, katikati ya neno. Jumapili huwezi kutoboa ukuta wala kutupa chupa kwenye pipa la vioo, maduka yamefungwa, na siku hiyo imelindwa na katiba. Nilicheka mwanzoni, sasa naipenda. Ila naona na upande wa pili. Jumapili yao inatulia kwa sababu sisi tuko zamu: anayempa mama yao dawa, anayeoka mikate ya asubuhi, anayefikisha pizza jioni. Sheria inasema hata wa zamu apate angalau Jumapili 15 za mapumziko kwa mwaka. Hesabu zako. Na mshahara wa kulea wazee ungetosha, nusu ya watu ninaowajua wasingekanyaga ghalani.

Likizo sasa, maana hapa watu wanaumia bila kujua. Minijobu ni kazi kamili. Ina likizo ya kulipwa, ina malipo ya ugonjwa baada ya wiki nne za mwanzo, na sikukuu ikiangukia siku yako ya zamu unalipwa ukiwa nyumbani. Kiwango cha chini cha likizo ni wiki nne: anayefanya siku tano kwa wiki ana siku 20, anayefanya siku mbili ana nane. Mwajiri akikwambia "minijobu haina likizo", anakutania. Omba likizo zote mbili kwa tarehe zile zile. Ukiwa likizo kwenye kazi kubwa usiende kuchukua vibarua vipya, sheria ya likizo inakataza kazi ya malipo inayokunyima kupumzika. Na ukiwa na cheti cha ugonjwa usionekane ghalani hata kwa saa moja. Wapo waliofukuzwa kwa hilo, na mahakama ikamuunga mkono mwajiri.

Ikikufika barua, isome ni barua gani. Onyo halina haraka, unaweza kuandika majibu yako na kutaka yawekwe kwenye faili. Barua ya kufukuzwa ina wiki tatu tu za kupeleka shauri mahakama ya kazi tangu ilipokufikia. Wiki tatu, na huwa hazingoji mkalimani wala mjomba apige simu. Huhitaji wakili kufungua shauri: mahakama yenyewe ina dawati linalokuandikia malalamiko yako bure. Kama kazini kuna baraza la wafanyakazi, anzia kwao. Mimi hao ndio waliokaa na mwajiri hadi sehemu ya mshahara uliozuiliwa ikatoka. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa watu wa hospitali na nyumba za wazee ni ver.di, utapata na msaada wa kisheria, ila jiunge kabla hujapata kesi. Na wapo Faire Integration, wanaotoa ushauri wa kazi bure kwa watu wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, mara nyingi kwa lugha unayoielewa. Nenda na mikataba yote miwili, hati za mshahara, na daftari la saa zako kwa mwandiko wako. La saa za waajiri wote wawili, kwenye ukurasa mmoja.