Dozi ya mbuzi si dozi ya kondoo: kupima dawa ya mifugo hatua kwa hatua

Dawa ya minyoo isipofanya kazi, wafugaji wengi Pemba husema duka limeuza feki. Mara nyingi dawa ni nzima. Kilichoharibika ni kipimo. Shika kalamu.

1. Pata uzito. Jicho hudanganya, tena kwa ng'ombe mwenye nundu hudanganya sana. Chukua futikamba ya fundi cherehani, mnyama asimame pahala tambarare. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa 10,840: unapata kilo. Kifua cha sentimita 140 na urefu wa 125 ni kilo 226. Ukikisia 150, umempa theluthi mbili tu ya dozi, na minyoo sugu ndiyo inayobaki kuzaana.

2. Soma nguvu ya dawa, si rangi ya chupa. Albendazoli, dawa ya minyoo, ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita. Ya asilimia 10 ina 100. Kifuniko kimoja cha hii ni vifuniko vinne vya ile. Kanuni ni moja: kilo mara miligramu kwa kilo, gawa kwa miligramu zilizomo katika mililita.

3. Angalia ni mnyama gani. Hapa ndipo pa kutuliza akili. Kondoo hupewa albendazoli miligramu 5 kwa kilo kwa minyoo ya tumbo. Ini la mbuzi huivunja dawa hii upesi zaidi, basi kwa kawaida hupewa maradufu, yaani 10. Mbuzi wa kilo 25 anahitaji miligramu 250: mililita 10 za asilimia 2.5, au 2.5 tu za asilimia 10. Aliyepandishwa karibuni usimpe, dawa hii yaweza kuharibu mimba changa.

4. Chagua njia. Dawa ya kunywa huingia kwanza tumbo kubwa, ikatoka humo kidogo kidogo, na minyoo hukaa nayo muda mrefu. Tumbo likijaa majani, dawa husukumwa haraka ikapita. Kwa hiyo mnyime malisho usiku mmoja, maji apate. Mwenye mimba kubwa na aliyedhoofika waache wale. Wakati wa kunywesha usimnyanyue kichwa juu, dawa itaingia mapafuni. Mimina taratibu nyuma ya ulimi, ungoje ameze.

Antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ile ya muda mrefu, huchomwa ndani kabisa ya nyama ya shingo, mililita 1 kwa kilo 10. Yule ng'ombe wa kilo 226 wa hatua ya 1 anapata mililita 22.6. Usimchome zote pahala pamoja: gawa sehemu tatu, isizidi 10 kila sehemu, la sivyo nyama huvimba na dawa hainyonywi sawasawa. Ng'ombe mkubwa usimnyweshe antibiotiki. Utaua vijidudu vinavyomsagia majani.

5. Andika tarehe. Muda wa kusubiri kabla ya kutumia maziwa na nyama umeandikwa kwenye lebo. Ivermektini, dawa nyingine ya minyoo, usimpe ng'ombe ambaye maziwa yake yanauzwa.

6. Hakikisha. Siku 10 hadi 14 baada ya kunywesha, peleka kinyesi kibichi kipimwe mayai ya minyoo. Mayai yakiwa bado mengi, na uzito ulipimwa, na dawa ilimezwa yote, badilisha aina ya dawa, si chapa tu. Fenbendazoli na albendazoli ni ndugu wa tumbo moja: akishindwa huyu, mwenziwe naye huwa mashakani. Levamisoli ni ukoo mwingine, ila ukizidisha kipimo chake mnyama hutetemeka na kutokwa mate, basi rudi hatua ya 1 kwanza.