Kuomba kazi mpaka kukaa mbele ya paneli: tumia visa vyako, acha kukariri majibu

Mi nafanya kazi kitengo cha utumishi kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, na sehemu kubwa ya maisha yangu ni kufungua imeili zenye faili linaitwa "cv mpya final final2", ukilifungua unakutana na mtu mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Wote hivyohivyo. Yani ukifuta majina ukazichanganya zile karatasi huwezi kumrudishia mtu ya kwake. Afu haohao nikiwaita mezani nikasema haya nipe mfano wa siku uliyojituma, kimya, mtu anaangalia feni.

Ndo maana siku hizi wadogo zangu wa mtaani wakija niwaangalizie CV siigusi kwanza. Tunaanzia kwingine.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya CV

Chukua daftari andika visa vitano vilivyokutokea wewe mwenyewe, iwe kazini, fildi, JKT, kwenye kwaya, kwenye genge la mama, popote. Kisa sio sifa. "Najua kuhudumia wateja" ni sifa. Kisa kina siku, kina tatizo, kina namba, kina ulichofanya wewe na kilichotokea baada ya hapo. Hakikisha kimoja ni cha kukosea, kimoja cha kutoelewana na mtu, kimoja cha kushika hela au mali, kimoja cha kujifunza kitu harakaharaka, na cha tano chochote unachojivunia.

Kuna dogo alikuja kwangu ana diploma ya ununuzi na ugavi, anasema "dada mi sina uzoefu, tangu nimalize nimekaa tu kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu cha mama mdogo miaka miwili". Kukaa tu! Nikamuuliza hakuna siku hesabu iligoma? Akacheka, akaanza kusimulia. Mtaji wa kibanda ulikuwa milioni 2, kila jioni keshi ukijumlisha na floti (hela iliyomo kwenye laini ya wakala) lazima irudi milioni 2, sasa siku hiyo keshi ipo 1,265,000 na floti 695,000, jumla 1,960,000, elfu 40 haionekani. Akafunga kibanda akakaa na daftari, mstari kwa mstari analinganisha na meseji za laini ya wakala, mpaka akamkuta mteja wa saa tisa aliyetoa elfu 40, kwenye daftari yupo ila meseji yake haipo. Kumbe foleni ilikuwa kubwa, mteja akamwonyesha meseji kwenye simu yake mwenyewe, dogo akampa hela bila kusubiri meseji iingie kwenye simu ya kibanda. Usiku uleule akampigia mama mdogo akamwambia ukweli, wakakubaliana akatwe elfu 10 kila wiki, na kuanzia hapo akawa anafunga hesabu mara mbili, saa saba mchana na jioni, na hela haitoki mpaka simu ya kibanda ilie.

Huyo ndo "hana uzoefu". Nilimwambia tu aandike vile alivyonisimulia, na namba zake zote.

Hatua ya 2: Soma tangazo na kalamu mkononi

Zungushia duara yale ya lazima (elimu, leseni, miaka ya uzoefu) na yale ya "itakuwa ni faida ya ziada" piga mstari tu. Ukikosa la lazima kama leseni ya udereva daraja fulani, usijisumbue. Ukikosa la faida, omba. Miaka ya uzoefu ipo katikati hapo, wanasema miwili we unao mmoja na nusu, mi ningekuambia omba, sanasana utapoteza bando la kutumia imeili.

Halafu fuata maelekezo kama yalivyo. Wakisema kichwa cha imeili kiwe jina la nafasi, weka jina la nafasi. Wakisema faili moja la PDF usitume picha kumi na mbili za vyeti ulizopiga juu ya kitanda, shuka la maua linaonekana. Nenda steshenari wakuskanie, buku mbili tatu hivi inaisha.

Kwa kazi za serikali Tanzania Bara mambo mengi yanapita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na hapo watu wanakatwa kwa vitu vidogo kabisa kabla hata mtu hajasoma sifa zao. Utahitaji namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kwahiyo kama bado unahangaika nayo anza huko leo, usisubiri tangazo. Barua ya maombi iwe imesainiwa, watu wengi sana wanapandisha barua haina saini. Weka vyeti vyenyewe, maana matangazo yao huwa yanasema wazi kabisa kwamba testimonio na matokeo ya muda hayakubaliki. Na angalia majina, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha fomu foo kinasema Mohammed, NIDA ndo kabisa jina la babu limekuja mbele, hiyo nenda kwa wakili ukashughulikie uthibitisho wa majina mapema maana siku ya usaili ndo wanakagua na vyeti halisi, unaweza kurudishwa mlangoni umetoka Kigoma na nauli ya kukopa. Usaili wao wenyewe kawaida unaanza na mchujo wa kuandika, kada zingine kuna wa vitendo, ndo unafika wa mahojiano. Angalia akaunti yako mara kwa mara, usitegemee kupigiwa.

Hatua ya 3: CV na barua zitoke kwenye daftari

Kurasa mbili zinatosha. Dini toa, idadi ya watoto toa, picha usiweke kama hawajaomba. Namba ya simu iwe ile inayopatikana, sio laini ya bando unayoiwasha usiku.

Dogo wetu alikuwa anaomba kazi ya msaidizi wa stoo, na kwenye CV alikuwa ameandika: "Wakala. Kuhudumia wateja na kazi zingine." Tukabadilisha ikawa: "Msimamizi wa kibanda cha huduma za fedha, Mbagala, 2022 hadi 2024. Nilisimamia mtaji wa sh. 2,000,000, nikifunga hesabu mara mbili kwa siku na kulinganisha daftari na miamala." Mtu yuleyule, kibanda kilekile, na hakuna uongo hata nukta.

Barua aya tatu: nafasi unayoomba na ulikoiona, kisa kimoja kinachogusa kazi hiyo, lini unapatikana. Lugha fuata ya tangazo. Na wadhamini wako wapigie kabla, mi nimeshampigia mdhamini akaniuliza "huyo ni nani tena?", nikamwambia samahani mzee nimekosea namba.

Hatua ya 4: Ukipigiwa simu

Usiseme tu "sawa sawa asante". Uliza siku, saa, jengo gani na ghorofa ya ngapi, kuna mtihani wa kuandika au mahojiano tu, uje na nini. Kuuliza hakukupunguzii maksi hata kidogo. Kama hupajui, jana yake panda daladala ukapaone, foleni ya Dar haijui kama una intavyuu.

Usiku wake visimulie vile visa kwa sauti, kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza, maana kama tangazo lilikuwa la Kiingereza jua paneli inaweza kuanza na kukaa hukohuko. Watu wanahangaika na Kiingereza kwa sababu wanataka kutoa hotuba. Sentensi fupi zinatosha, nilihesabu, nilikuta elfu 40 haipo, niliangalia meseji. Hakuna anayekosa kazi ya stoo kwa kukosa misamiati mikubwa.

Na salamu, naulizwa sana hili. Ukiingia salimia wote kwa pamoja, habari za asubuhi. Kama kuna mzee wa mvi pale na mdomo umezoea shikamoo, toa tu shikamoo yako, sijawahi kuona mtu kafelishwa kwa adabu.

Hatua ya 5: Maswali yenyewe

*Tuambie kuhusu wewe.* Hapa usianze na ulizaliwa hospitali gani na shule ya msingi ulisoma wapi. Dakika moja na nusu: umesomea nini, umefanya nini kinachofanana na hii kazi, kwa nini upo hapo. Dogo alijibu hivi: "Nina diploma ya ununuzi na ugavi, nimemaliza 2022. Miaka miwili nimesimamia kibanda cha uwakala, kazi yangu kila siku ilikuwa kuhakikisha kilichopo mkononi kinalingana na kilichoandikwa. Nimeona stoo ni kazi ileile, ila badala ya hela ni mzigo." Akanyamaza. Kunyamaza ukimaliza nako ni ufundi, wengi wanaharibu hapo, jibu limeisha vizuri anaongeza "na pia... kwa ujumla... ndo hivyo".

*Udhaifu wako ni upi?* Tafadhali usiniambie udhaifu wako ni kupenda kazi kupita kiasi. Toa cha kweli, kisiwe cha kuua kazi yenyewe (mhasibu usiseme hesabu zinakuchanganya), na useme unafanya nini nacho. Ya elfu 40 inaingia hapa vizuri: foleni ikiwa ndefu nilikuwa naharakisha naruka hatua, ikanigharimu, sasa nina utaratibu siuvunji hata mteja agombe. Kisa hichohicho kinajibu pia "tuambie siku uliyokosea" na "tutakuaminije na mali", ila usikitumie kote kwenye intavyuu moja, ndo maana nikasema viwe vitano.

*Umewahi kutumia mfumo fulani?* Kama bado, sema bado, kisha sema ulichowahi kutumia kinachokaribiana. Mtu akidanganya kwenye mfumo namwona kwa swali la pili tu, namuuliza ukiingia unabonyeza wapi kwanza.

*Kwa nini uliacha kazi ya mwanzo?* Fupi. Mkataba uliisha, au kampuni ilipunguza watu, au nilitaka kukua. Bosi wako wa zamani hata kama alikuwa mchawi muache apumzike, ukianza kumsema sisi tunajiona tutakavyosemwa kesho.

*Umeolewa? Una mpango wa kuzaa lini?* Bado wapo wanaouliza, na inaudhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ndoa, ujauzito, kabila, dini na mengine, na inamlinda hata anayeomba kazi. Lakini pale mezani hujaenda kushtaki mtu, kwahiyo mi nashauri jibu wasiwasi uliopo nyuma ya swali: "Kama swali ni kuhusu zamu na kusafiri, ratiba iliyo kwenye tangazo nimeisoma na ninaimudu." Basi. Na we pia chukua taarifa hapo kuhusu unakotaka kwenda kufanya kazi.

*Unataka mshahara kiasi gani?* Hapa watu wanalia baadaye, tukae kidogo. Ukitaja namba, taja ya kabla ya makato na useme hivyo. Chukua laki 9. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mfanyakazi asilimia 10, yani 90,000, imebaki 810,000 ndo inapigwa kodi. Kwa viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) vilivyoanza Julai 2021 anayezidi 760,000 mpaka milioni analipa 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, kwahiyo 68,000 na 12,500, jumla 80,500. Mkononi 729,500. Ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo? Toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000, umebaki na 594,500. Sasa toa kodi ya nyumba na nauli kutoka Chanika ndo utajua kama laki 9 inakutosha. Fanya hii hesabu nyumbani kwa namba yako, nenda na kiwango cha chini kichwani, halafu mezani taja juu yake kidogo ili pabaki pa kushukia. "Chochote mtakachonipa" sio unyenyekevu, ni kujiuza bei ya jioni sokoni.

*Una swali kwetu?* Kuwa nalo. Ninalolipenda mimi: atakayepata kazi hii, miezi mitatu ya kwanza mtampima kwa kitu gani? Likizo usianze nayo.

Hatua ya 6: Ukishatoka

Kwenye daladala palepale andika kwenye simu maswali yote uliyoulizwa na lililokukwamisha, jioni utakuwa umesahau. Wakikwambia majibu baada ya wiki mbili, subiri wiki mbili, usinipigie kesho yake saa mbili asubuhi. Akitokea mtu anasema kazi ni yako ila tuma elfu 50 ya fomu au ya vipimo, huyo hana kazi. Na kama una kibarua sasa hivi usikiache kwa ahadi ya simu, ngoja mkataba uusome na usaini.

Wiki mbili zikipita kimya, tuma meseji moja tu. Ya dogo ilikuwa hivi, unaweza kuichukua: "Habari za kazi dada. Mimi ni mmoja wa waliofanya usaili wa msaidizi wa stoo tarehe 14. Naomba kufahamu kama maamuzi yameshatoka. Kama sijachaguliwa, nitashukuru kujua eneo gani nilipungua. Asante."