Somo: Namna ya kuifurahia Dragon's Dogma: Dark Arisen kabla hujaamua kuifuta

Miongoni mwa gemu zinazopita mkono kwa mkono kati yetu wa Moshi na wenzetu wa Arusha, hii ndiyo inayorudishwa mapema kuliko zote, na ndiyo hiyo hiyo ambayo wachache wakishaishika hawataki kusikia habari ya nyingine. Ilitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2012 chini ya uongozi wa Hideaki Itsuno, ambaye tayari alikuwa anajulikana kwa kazi yake katika mfululizo wa Devil May Cry. Toleo la Dark Arisen, lililoongezewa kisiwa kizima, lilifuata mwaka 2013, likafika kwenye kompyuta mwaka 2016 na kwenye PS4 na Xbox One mwaka 2017.

Wanaoilaumu wanasema safari zake ni ndefu mno, hadithi inachelewa kushika kasi, na wafuasi wanaokusindikiza hawajui kunyamaza. Yote matatu ni kweli, na somo hili halikusudii kuyakanusha. Tatizo ninaloliona ni kwamba wengi wanaiingia kwa mazoea ya gemu nyingine za dunia wazi, ambako ramani imejaa alama na kazi ya mchezaji ni kuzifuta moja baada ya nyingine, ilhali hii imejengwa juu ya msafara wenyewe: nani unakwenda naye, mmebeba nini, na jua litazama mkiwa wapi. Ukiondoa hayo kwa kukimbia kutoka alama hadi alama, kinachobaki ni kichache kweli.

Hatua ya kwanza: mwili wa mhusika wako

Sehemu ya kutengeneza mhusika haihusu sura peke yake. Mwili mzito hubeba mzigo mkubwa zaidi lakini pumzi yake hurudi polepole, na mwili mwepesi ni kinyume chake. Kwa anayeanza, mwili wa wastani unatosha, na muda uliobaki autumie kufikiria mfuasi wake mkuu, ambaye atamtengeneza baadaye kidogo akifika kwenye kambi ya askari.

Hatua ya pili: kazi ya vita

Mwanzoni utapewa kazi tatu za kuchagua: Fighter mwenye upanga na ngao, Strider mwenye visu viwili na upinde mfupi, na Mage mwenye fimbo ya uchawi. Ushauri wangu ni Strider, kwa sababu ndiye anayekufundisha mapema jambo ambalo gemu hii inalifanya vizuri kuliko karibu zote za rika lake, yaani kumpanda mnyama mkubwa mwilini na kumchoma pale panapouma. Usichukulie uamuzi huo kama ndoa. Ukifika mji mkuu wa Gran Soren, nyumba ya wageni ya pale itakuruhusu kubadili kazi kila unapotaka, na zipo jumla ya tisa, tatu kati yake zikiwa za mchanganyiko ambazo wafuasi hawaruhusiwi kuzishika, ni wewe tu. Watu wengi walioichukia walicheza kwa kazi moja tangu mwanzo hadi walipochoka. Wachezaji watakaokwambia kwamba kila ngazi unayopanda katika kazi fulani huongeza nguvu za aina fulani wanasema kweli, lakini hesabu hizo ni za mtu anayemaliza gemu mara ya pili, hazikuhusu leo.

Hatua ya tatu: msafara na mzigo

Hapa ndipo penyewe, na nitakaa kidogo.

Unatembea na wafuasi watatu: mmoja ni wako wa kudumu, na wawili unawaazima kutoka kwa wachezaji wengine kwa kupitia mawe yaliyopo kambini na mijini. Wa kuazima hawapandi ngazi hata mpigane vita vingapi, kwa hiyo kila unapopanda ngazi chache warudishe na uchukue wapya, bila huruma. Walio kwenye ngazi yako au chini yake ni bure. Hakikisha angalau mmoja katika kundi ni mchawi, kwa kuwa kuna mizimu ambayo chuma kitupu hakiigusi mpaka silaha iwekewe uchawi, na pia kwa sababu ya tiba. Tiba yenyewe ina kanuni inayowachanganya wengi: uchawi unarudisha tu ile sehemu ya uhai iliyobaki nyeupe kwenye mstari, na sehemu iliyopotea kabisa hurudishwa kwa majani ya dawa, kwa vyakula, au kwa kulala. Ndiyo maana unaokota majani njiani, na ndiyo maana mzigo unakuwa mzito.

Anayeishi Moshi ameona jinsi wagumu, yaani wapagazi, wanavyopimiwa mizigo kwenye mizani pale geti la Machame kabla ya kupanda mlima, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba kilo zilizozidi asubuhi zitadaiwa mchana. Fanya hivyo hivyo. Kila unachobeba kina uzito, na mzigo ukizidi, pumzi inaisha upesi, hatua zinakuwa fupi, na kumpanda mnyama kunageuka adhabu. Wagawie wafuasi magogo, mawe ya madini na mafuvu, bakiza kwako dawa na mafuta ya taa, na kila ukipita kwenye nyumba ya wageni weka ghalani kila kitu usichokihitaji katika safari ya siku hiyo. Nyama na samaki huoza kadiri siku za gemu zinavyopita, kwa hiyo asiwepo mtu wa kujaza mfuko wa nyama kwa matumaini ya baadaye.

Hatua ya nne: saa ya kuondoka

Usiku wa gemu hii ni giza halisi. Taa ya kiunoni inaangaza hatua chache mbele, inakula mafuta, na ukiingia kwenye maji inazimika. Wafu wanatoka ardhini, na mbwa mwitu wanakuwa sauti kabla hawajawa kitu cha kuonekana. Kwa hiyo lala, amka asubuhi ya gemu, kisha ndipo uondoke, na kabla ya kwenda mbali jiulize kama utafika kwenye kambi yoyote kabla ya jua kuzama. Ninajua wapo wanaoona huku ni kupoteza muda. Mimi naona kwamba siku utakapokosea hesabu, ukajikuta katikati ya msitu na mafuta yameisha, huku Chimera, mnyama mwenye vichwa vya simba na mbuzi, akinguruma upande usioujua, utaelewa gemu hii ilikusudia nini, na hakuna maelezo ya maandishi yanayoweza kuchukua nafasi ya dakika hizo.

Maji ya kina kirefu usiyaingie kabisa, mchana wala usiku. Kuna kitu humo kinachokumeza mara moja.

Hatua ya tano: jiwe la safari

Toleo la kompyuta, na yale ya PS4 na Xbox One, yanakupa bure jiwe la Ferrystone lisiloisha, nalo linakungoja ghalani. Jiwe hilo hukupeleka papo hapo mahali penye Portcrystal, yaani jiwe la kituo. Gran Soren ipo moja ya kudumu, na nyingine utazipata na kuzisimika mwenyewe unapopenda. Zawadi hii imeokoa wachezaji wengi na imewaharibia wengine wengi, kwa sababu anayeruka kila mahali hakutani na chochote. Kanuni ninayoipendekeza ni kwenda kwa miguu na kurudi kwa jiwe: kwenda kuna mapya, kurudi ni kupita kwenye goblini wale wale waliosimama kwenye kona ile ile, kasoro ambayo hata sisi tunaoipenda gemu hatuna sababu ya kuitetea.

Hatua ya sita: wanyama wakubwa

Kila mmoja ana mlango wake. Cyclops, jitu lenye jicho moja, mpige jichoni. Chimera mkate kwanza mkia, ambao ni nyoka mwenye sumu, kisha kichwa cha mbuzi ambacho ndicho kinachosoma uchawi, na simba umwache wa mwisho. Griffin, mwenye mwili wa simba na kichwa cha tai, mchome mabawa kwa moto ili abaki ardhini. Ukimpanda mgongoni naye akaruka na wewe, angalia mstari wa pumzi kabla ya kuangalia mandhari. Wasikilize wafuasi hapa, kwa kuwa kelele zao zinazoudhi njiani ndizo zinazobeba maarifa waliyoyapata katika vita vya mabwana wao.

Hatua ya saba: kazi ndogondogo

Kazi kuu za hadithi zikisonga mbele, baadhi ya kazi ndogo unazopewa na watu hujifunga zenyewe bila kukuaga. Ukirudi mjini pita kwenye ubao wa matangazo kwanza. Zawadi nazo usizigawe ovyo, kwani mwishoni gemu itamtafuta mtu aliyekupenda kuliko wote na kumfanya mpenzi wako, na wapo waliojikuta wamefungwa kwenye mapenzi na muuza silaha waliyekuwa wanafanya naye biashara tu.

Kisiwa cha Bitterblack, kile kilichoongezwa na Dark Arisen, unaweza kukifikia mapema kwa kuzungumza na mwanamke anayesimama usiku kwenye gati la kijiji cha Cassardis. Usikubali mpaka umevuka ngazi ya hamsini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Sakina, Arusha: Kaka, shukrani kwa somo. Bando langu ni la kubahatisha. Gemu hii inahitaji intaneti muda wote?

Jibu: Haihitaji, kaka. Ni gemu ya mchezaji mmoja, na bila intaneti utaazima wafuasi walioandaliwa na Capcom yenyewe. Ukiunganishwa kwa muda mfupi unapolala kwenye nyumba ya wageni, mfuasi wako naye ataweza kuazimwa na wengine, na atarudi na maarifa, zawadi, na fedha ya Rift Crystal. Unganisha unapoweza, cheza bila hiyo siku nyingine. Kilicho kizito ni kuishusha mara ya kwanza, kwani kwenye kompyuta inachukua karibu GB 20.

Mwanachama wa Majengo, Moshi: Mimi nacheza kibandani kwa kulipia saa. Nikirudi kesho yake nakuta mwingine ameanza upya juu ya safari yangu. Nifanyeje?

Jibu: Gemu hii inahifadhi safari moja tu kwa kila akaunti, na huo ndio ukali wake mwingine. Mwombe mwenye kibanda akufungulie akaunti yako ndani ya PS4 hiyo hiyo. Safari yako itakuwa peke yake hata kama mashine inatumiwa na mtaa mzima.

Mwanachama wa Kijenge, Arusha: Shikamoo mwalimu. Umeme wa kwetu unakatika bila taarifa. Nilikuwa nimehifadhi njiani, halafu nilipokufa nikarudishwa mbali sana. Ni hitilafu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Si hitilafu. Kuna hifadhi ya kawaida, unayoifanya mwenyewe kwenye menyu, na kuna kituo cha ukaguzi, ambacho hujiweka chenyewe hasa unapolala kwenye nyumba ya wageni. Ukichagua kurudi kwenye kituo, yote uliyoyafanya baada yake yanapotea hata kama uliyahifadhi, kwa hiyo soma vizuri kabla ya kubonyeza. Kwa habari ya umeme, hifadhi kwenye menyu kila baada ya pambano kubwa, na lala mara nyingi.

Mwanachama wa Pasua, Moshi: Kazi za kusindikiza watu zinaniua. Nikiziacha nitapungukiwa na nini?

Jibu: Fedha na heshima kidogo, basi. Ziache mpaka uwe na Portcrystal za kutosha, kisha simika moja karibu na mwisho wa njia. Anayesindikizwa akiwa karibu nawe, jiwe litawachukua wote pamoja. Mimi binafsi naziona kuwa sehemu dhaifu kuliko zote.

Mwanachama wa Njiro, Arusha: Kaka, mfuasi wangu mkuu ananigandia tu bila kupigana. Nimfute?

Jibu: Usimfute. Mwelekeo wake umekuwa Guardian, yaani wa kukaa karibu nawe akulinde. Maagizo unayompa na namna unavyopigana humbadilisha polepole, na ukitaka haraka zipo dawa zinazonunuliwa kwa Rift Crystal za kumgeuza awe Scather au Challenger, ambao huwafuata maadui.

Mwanachama wa Rau, Moshi: Kwa nini nisianze na ya pili moja kwa moja?

Jibu: Unaweza, dada, kwa kuwa hadithi zao hazitegemeani. Dragon's Dogma 2 ilitoka tarehe 22 Machi 2024 kwa PS5, Xbox Series na kompyuta, na kwenye kompyuta inadai RAM ya GB 16 kwa uchache, wakati hii ya kwanza inaenda na GB 4. Ubishi wake ulikuwa mkali zaidi: watu walilalamikia vitu vidogo vinavyouzwa kwa fedha halisi, picha kukwama ndani ya mji wenye watu wengi, na kukosekana kwa njia ya kuanza upya, ambayo Capcom iliiongeza baadaye. Mawe ya safari humo ni adimu na jiwe lisiloisha halipo mwanzoni. Pia kuna ugonjwa wa wafuasi: ukiona macho ya mmoja yanang'aa mekundu, mwachishe kabla hujalala mjini, la sivyo utaamka ukute wakazi wameuawa. Ukiona umeanza kuizoea hii ya kwanza bila kulitegemea jiwe la bure, ya pili itakufaa. Ukiona jiwe ndilo linalokuweka ndani ya gemu, fedha yako itafute kitu kingine.