Kuandaa Dai la Medicare kwa Mgonjwa wa Kituo cha Uuguzi Aliyeletwa Kliniki

Mgonjwa anayeletwa kliniki kwa gari la kituo cha uuguzi wa kitaalamu, bahasha ya karatasi zake ikiwa mapajani, hupokewa mapokezini kama mgonjwa mwingine yeyote, na hapo ndipo makosa ya madai huanzia. Katika Medicare ya asili ya Marekani, yaani bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee, inayolipa watoa huduma moja kwa moja, karani hapaswi kuandika msimbo wowote wa huduma kabla hajajua iwapo siku hiyo makazi ya mgonjwa kituoni yanalipiwa na Sehemu A, ile ya bima inayolipia kulazwa. Asimtegemee mgonjwa kwa jibu hilo, kwani mara nyingi hajui; aipigie simu ofisi ya malipo ya kituo, kisha aandike kwenye faili jina la aliyejibu na tarehe. Sehemu A hulipia hadi siku 100 katika kipindi kimoja cha mafao, kwa kawaida baada ya mgonjwa kulazwa hospitalini kwa angalau siku 3 mfululizo, na mtu aliyekuwa chini yake Jumatatu anaweza kuwa ameshatoka kufikia Ijumaa, ingawa bado analala kwenye kitanda kilekile.

Ikiwa hayuko chini ya Sehemu A, dai la daktari huandaliwa kama la mgonjwa wa kawaida wa kliniki, na msimbo wa mahali pa huduma huwa 11, yaani ofisi ya daktari.

Ikiwa yuko, kazi hugawanyika. Sheria ya bajeti ya mwaka 1997 ilileta utaratibu unaokifanya kituo kiwajibike kwa sehemu kubwa ya huduma anazopata mkazi wake, hata zile anazopewa nje ya kituo. Kazi ya daktari mwenyewe haimo katika fungu hilo. Hudaiwa Sehemu B, ile ya bima inayolipia huduma za madaktari. Kilichomo ni gharama za vifaa na mafundi, dawa nyingi, na huduma zinazotolewa na wasaidizi wa daktari kama sehemu ya kazi yake.

Tuchukue mgonjwa aliye katika siku ya 14 ya Sehemu A, aliyekuja kwa daktari wa mapafu na kupigwa picha ya kifua ya pande mbili kwa mashine ya kliniki. Mashauriano hudaiwa Sehemu B kwa msimbo wa kliniki, tuseme 99213, kwa sababu ndiko alikoonwa. Lakini mahali pa huduma huandikwa 31, yaani kituo cha uuguzi wa kitaalamu, maana daktari hulipwa kwa kiwango cha kituo, si cha ofisi. Picha, yenye msimbo 71046, hukatwa vipande viwili: usomaji wa daktari hupelekwa Sehemu B ukiwa na alama 26, na upigaji wenyewe, wenye alama TC, hupelekwa kwenye kituo. Ukiidai picha nzima kutoka Medicare, dai litakataliwa, au litalipwa kimakosa na fedha zirudishwe baadaye, jambo ambalo kwa maoni yangu ni bughudha kubwa zaidi.

Vivyo hivyo kwa sindano ya gotini: kuichoma ni kazi ya daktari, lakini dawa iliyomo ni deni la kituo. Ndiyo maana inafaa kukubaliana na kituo kwa maandishi, kabla ya siku ya miadi, juu ya bei na muda wa kulipa. Kituo ambacho hakikuulizwa huwa hakina haraka ya kulipa.

Vipimo vikubwa vina mtego wake. MRI na CT, yaani picha za kina za ndani ya mwili, zikifanywa katika idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali huwa nje ya fungu la kituo, lakini zikifanywa katika kliniki inayojitegemea hubaki humo, hata kama mashine ni ileile. Anayepanga rufaa na ajue hilo kabla ya kuchagua mahali.

Dai la sehemu ya kituo likikataliwa na Medicare, lielekezwe upya kwenye kituo; mgonjwa asitumiwe ankara ya huduma ambayo kituo ndicho kinachopaswa kuilipia.