Namna ya Kuweka Daftari la Pomboo na Kulitumia Kuelimisha Watu wa Pwani

Huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo waliwindwa hadi katikati ya miaka ya 1990 ili nyama yao iwe chambo cha papa. Leo wengi wa kijiji hichohicho hujipatia riziki kwa kuwapeleka wageni kuwatazama, na tangu mwaka 1997 maji hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai. Hata hivyo, utafiti uliofanywa hapo umeonyesha kwamba pomboo wanaozongwa na boti hupunguza muda wa kupumzika na kula, wakabaki kusafirisafiri tu. Anayetaka kuwalinda hana budi kuanza kwa kuwafahamu mmoja mmoja.

Kitambulisho cha pomboo ni pezi la mgongo. Ukingo wake wa nyuma ni mwembamba, nao huchanika kwa meno ya wenzake au kwa nyavu, na pengo likishaingia halizibiki tena. Utamkuta mmoja ana pengo la mviringo karibu na ncha, na mwingine ana mawili yaliyokaribiana kama meno ya msumeno. Makovu ya ngozini usiyategemee sana, kwa kuwa mengi hufifia.

Nahodha awakaribie kwa ubavuni akitokea nyuma kidogo, aende sambamba nao kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote, wala asisogee chini ya mita 50. Asiwakate njia, asipite katikati yao, na kundi lenye watoto wachanga aliache mapema. Mpiga picha atumie lenzi ndefu na kasi ya 1/1000 ya sekunde, akisubiri pezi likae ubavu kabisa, kwani picha ya mshazari huficha mapengo. Apige kila pezi linaloibuka, hata lisilo na alama yoyote, maana anayechagua yenye mapengo makubwa tu huiharibu hesabu yote.

Daftari lijazwe palepale baharini, kwa penseli, kwa sababu wino hutoka ukilowa. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji kama yanajaa au yanakupwa, idadi ya pomboo na watoto wao, walichokuwa wakifanya, na idadi ya boti zilizokuwapo. Siku uliyozunguka saa nzima nzima bila kuona hata mmoja nayo iandikwe. Wengi huiruka, ilhali bila siku hizo haijulikani kama wanyama wamepungua au ni juhudi ya kutafuta iliyopungua. Nchi kavu, watu wawili walinganishe mapezi kila mmoja peke yake kabla ya kukubaliana.

Kwa kulinganisha picha za namna hii, watafiti walikadiria kuwa kati ya mwaka 1999 na 2002 kulikuwa na pomboo wenye pua ya chupa kati ya 136 na 179 tu kusini mwa Unguja, na wenye nundu kati ya 58 na 65. Jike hubeba mimba kwa takribani miezi 12 na humnyonyesha mtoto wake kwa miaka, hivyo hata wachache wanaokufa katika majarife, yaani nyavu kubwa za kutega, kila mwaka ni hasara kubwa.

Picha zilezile ndizo somo. Zichapishwe kubwa, zipelekwe dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na manahodha wenyewe wayape mapezi majina. Naamini hakuna mafunzo yanayoshinda hayo, kwa sababu mtu huona haya kumfukuza mnyama anayemjua kwa jina. Watoto wa shule wapewe picha za misimu miwili wazioanishe. Wageni waelezwe masharti kabla ya kupanda boti, kwani pomboo wakishaibuka hakuna anayesikiliza.

Kwa wavuvi wa majarife, nenda kuuliza kabla ya kufundisha: nyavu zilitegwa wapi, kina gani, zikalala maji usiku mzima au la. Usimlaumu aliyenasa pomboo, maana akilaumiwa, wa pili atatupwa baharini kimya kimya. Aliyekufa apigwe picha ya pezi, apimwe kuanzia ncha ya pua hadi pengo la katikati ya mkia bila kushikwa kwa mikono mitupu, na ofisi ya uvuvi ijulishwe siku hiyohiyo. Kisha, kila msimu unapoisha, rudi dikoni na daftari lako uwasomee wavuvi kile ambacho taarifa zao zimeonyesha.