Jinsi mkazi wa Dar es Salaam anavyoweza kushiriki kulinda mazingira ya jiji kuanzia mtaani kwake

Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, na hakuna halmashauri inayoweza kusafisha nyuma ya watu wengi kiasi hicho iwapo wao wenyewe hawamo kwenye kazi hiyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa kawaida, awe mwenye nyumba au mpangaji, ambaye kila siku anauona mtaro ulioziba mbele ya nyumba yake na anapenda kufanya jambo, lakini hajui aanzie wapi na amfuate nani. Ushauri wangu ni kwamba aanze na mambo mawili: mkutano wa mtaa wake, na safari ya taka zake kutoka jikoni hadi zinapoishia. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi una thamani yake na ninausihi kila mkazi aushiriki, ila saa mbili za kufagia haziwezi kurekebisha mfumo ambao siku nyingine zote za mwezi unamwaga taka palepale.

Mkutano wa mtaa

Ibara ya 146 ya Katiba inasema kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa mkazi wa mjini, mlango wa madaraka hayo ni ofisi ya serikali ya mtaa, ambako kuna mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano (uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024) na mtendaji wa mtaa ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea wana nafasi katika mkutano mkuu wa mtaa, na mpangaji ana sauti sawa na mwenye nyumba. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu wapangaji wengi hukaa kimya wakidhani kwamba mkutano ule ni wa wenye viwanja.

Usisubiri siku ya mkutano ndipo unyooshe mkono kwenye mengineyo. Mwone mtendaji kabla tangazo halijabandikwa, ukiwa na majirani wawili au watatu, umpe hoja yenu kwa maandishi na kumwomba iingizwe kwenye ajenda. Hoja iwe moja na iwe mahususi. Malalamiko kwamba mtaa ni mchafu hayamlazimishi mtu yeyote kufanya lolote, lakini mkiuliza ni nani mwenye mkataba wa kuzoa taka katika mtaa wenu, anapaswa kupita siku zipi, kila kaya inatozwa kiasi gani na fedha zinapokelewa kwa utaratibu upi, mtakuwa mmeuliza maswali yenye majibu. Iwapo mikutano imezoeleka kuitishwa siku za kazi asubuhi, ombeni ihamishiwe Jumapili alasiri ili wafanyakazi na akina mama wenye biashara sokoni waweze kuhudhuria.

Baada ya mkutano, hakikisheni hoja imeandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari ndio unaopanda kwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na diwani ndiye anayeifikisha hoja kwenye baraza la madiwani, mahali bajeti na sheria ndogo zinapopitishwa. Jambo lililozungumzwa kwa jazba bila kuandikwa halivuki mlango wa ofisi ya mtaa.

Kuzifuata taka

Sehemu kubwa ya taka za nyumba za Dar es Salaam ni mabaki ya chakula na ya mimea: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, vifuu vya nazi, ukoko. Taka hizi ndizo nzito, ndizo zinazonuka na kuvuta nzi, na ndizo zinazochafua plastiki na karatasi ambazo zingeweza kuuzwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza nyumbani ni kuweka ndoo mbili, moja ya mabaki ya chakula na nyingine ya vitu vikavu, na kuhakikisha kwamba mabaki hayakutani na chupa wala maboksi. Vitu viwili vinahitaji kutengwa peke yake: nepi na pedi zilizotumika, ambazo zifungwe vizuri, na vyenye hatari kama betri, vioo vilivyovunjika na sindano.

Mwenye uani anaweza kutengeneza mboji mwenyewe. Tandaza majani makavu au maranda, weka mabaki ya mboga juu yake, funika tena kwa majani makavu, na geuza rundo kila wiki huku ukilinda unyevu wake usizidi wala kukauka. Likianza kunuka, ongeza vikavu na uligeuze mara nyingi zaidi. Nyama, samaki na mafuta visiingie humo, kwani huvuta panya. Wanaoishi kwenye nyumba za kupanga zenye vyumba vingi na uani mdogo wanaweza kukubaliana na mfugaji wa kuku au nguruwe aliye jirani achukue ndoo ya mabaki kila jioni, jambo ambalo tayari linafanyika katika mitaa mingi bila kuitwa mradi.

Chupa, makopo, vyuma na maboksi vina wanunuzi, na watu wanaovipitia mlango kwa mlango au kuviokota dampo ni sehemu ya huduma ya usafi ya jiji, ingawa mara nyingi hawatambuliwi wala kuheshimiwa. Mchagueni mmoja wao awe wenu, mpangieni siku, na mpeni vitu vikiwa safi na vikavu. Kipato chake kitaongezeka na taka zenu zitapungua kwa mkupuo mmoja. Mfano wa kujifunza upo katika kata ya Bonyokwa, ambako asasi ya Nipe Fagio ilishirikiana na wakazi kujenga utaratibu wa taka sifuri: kaya zinatenganisha taka nyumbani, wakusanyaji wameungana katika ushirika wao, na kinachobaki cha kupelekwa dampo ni kidogo kuliko ilivyozoeleka. Mtaa unaotaka kuiga uanze na kundi dogo la nyumba zinazopakana, mpaka utenganishaji uwe mazoea, kisha uongeze nyingine. Ukianza na mtaa mzima kwa mara moja, mkusanyaji atapokea taka zilizochanganyika na zoezi litakufa.

Kuhusu ada ya taka, ni vyema kuelewa mzunguko unaoikwamisha huduma hii. Kaya ikikataa kulipa, mkandarasi au kikundi cha mtaa kinakosa fedha za mafuta ya gari, gari halipiti, taka zinarundikana, na mwisho zinatupwa mtaroni usiku. Nyumba za Manzese, Tandale au Vingunguti zilizo kwenye vichochoro visivyopitisha gari hutegemea guta na mikokoteni, na huko mzunguko huo huzunguka kwa kasi zaidi. Lipa ada, dai risiti, na gari lisipopita andika tarehe. Orodha ya tarehe hizo pamoja na risiti zilizolipwa ndiyo silaha yenu pale mkataba unapofikia wakati wa kuhuishwa.

Nyumba na biashara zinaweza pia kupunguza taka kabla hazijazaliwa. Pombe za viroba zilipigwa marufuku mwezi Machi 2017, na mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Nani aliyekuwa akisafisha mitaro kabla ya miaka hiyo asiyeona tofauti? Hata hivyo vifungashio vyembamba vinavyoangaza vimeendelea kutumiwa sokoni kana kwamba ni mifuko ya kubebea. Nenda na kikapu chako, kikatae kifungashio, na mweleze muuzaji kwa upole sababu ya kukikataa, kwa kuwa yeye anakinunua kwa fedha yake na angefurahi kupunguza gharama hiyo.

Mitaro na Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Kila kinachotupwa kwenye mtaro wa Vingunguti, Tabata au Kigogo kina njia ya kufika Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Serikali sasa inaendesha mradi mkubwa wa kuendeleza bonde hilo, lakini kingo na madaraja mapya havitaweza kuhimili maji ikiwa mitaro midogo ya mitaani imejaa mchanga na chupa.

Ratiba ya mtaa ifuate majira ya mvua. Mitaro izibuliwe mwezi Februari kabla ya masika na mwezi Septemba kabla ya vuli, wakati tope likiwa limekauka na linabebeka. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kulitoa tope na kuliacha ukingoni, ambapo mvua ya kwanza hulirudisha lote ndani. Kwa sababu hiyo, kabla ya kushika koleo, mtendaji awe amekwisha kuandikia kata kuomba gari la kubeba tope siku hiyohiyo. Gari lisipopatikana, zoezi lisogezwe. Watu wavae buti na glavu, na watoto wasishirikishwe kwenye tope lenyewe, kwani ndani yake mna vioo, sindano na kinyesi.

Hapa lazima niseme wazi juu ya kutapisha vyoo. Kufungulia choo kwenye maji ya mvua kunapeleka kipindupindu kwa jirani wa bondeni, na hakuna usafi wa barabara unaoweza kufidia jambo hilo. Gharama ya gari la kunyonya maji taka ni kubwa kwa kaya moja, hivyo nyumba kadhaa zinaweza kuchangishana kidogokidogo kwa utaratibu wa kikoba, kila mwezi choo kimoja, na kumaliza zamu kabla ya masika. Vichochoro visipopitisha gari kubwa, ulizeni huduma ya pampu ndogo.

Anayependa kazi ya vipimo na simu anaweza kuchora ramani. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora mitaro, nyumba na njia kwenye ramani ya OpenStreetMap ambayo kila mtu anaweza kuitazama na kuirekebisha. Mitaro mipya imejengwa tangu wakati huo na mingine imefukiwa. Kuipitia mitaro ya mtaa wako, kuweka alama pale ilipoziba au kujengewa ukuta, na kuwasilisha ramani hiyo kwenye mkutano wa mtaa, ni mchango ambao mhandisi wa halmashauri ataufanyia kazi kwa urahisi kuliko maneno matupu.

Wakazi wa pwani na mikoko

Kwa wanaoishi Kunduchi, Mbweni au Kigamboni, ninaomba tahadhari moja kuhusu upandaji wa mikoko. Misitu hiyo iko chini ya hifadhi, na kikundi kinachotaka kupanda kinapaswa kuanza kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Zaidi ya hapo, kila mti una mahali pake kulingana na maji yanavyokupwa na kujaa: mlilana huvumilia kukaa mbele kuelekea bahari, mkoko wenyewe hupenda tope la vijito, na mkandaa hukaa nyuma kuelekea nchi kavu. Kikundi kikichomeka mbegu za aina moja kwenye ufuko wa mchanga, bahari itazing'oa. Waulizeni wavuvi wazee mti gani ulikuwa wapi kabla haujakatwa, na pangeni zamu ya kurudi kuondoa plastiki zinazonasa kwenye miche, kwa sababu miche mingi hufa kwa kukosa mtu wa kuifuatilia.

Kikundi, barua na sheria

Wakazi waliokwisha kufanya kazi pamoja kwa muda wajiandikishe kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, wawe na katiba na akaunti ya benki. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha kuzoa taka kinachoomba guta, kikiwa na daftari la kaya zinazolipa, kina hoja nzuri.

Uharibifu ukizidi uwezo wa mtaa, kwa mfano mtu anachimba mchanga mtoni, kiwanda kinamwaga maji ya sumu au jengo linapandishwa kwenye kingo, andikeni barua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au baharini, na inamruhusu mwananchi kufungua shauri haki hiyo inapovunjwa. Barua ianze kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata. Ikikosa majibu, ipande idara ya mazingira ya halmashauri, kisha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Itaje mahali, tarehe na saa, iambatishwe picha, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Njia ya mahakama nayo imekwisha kutumiwa na wakazi wa jiji hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliochoshwa na moshi na harufu ya dampo waliishtaki halmashauri ya jiji, na Mahakama Kuu ilikataa kuiongezea halmashauri muda wa kuendelea kumwaga taka pale, ikiihusisha hali hiyo na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991 na kushinda. Dampo likaendelea kuhama hadi likafika Pugu Kinyamwezi liliko leo, na kaya zinazoishi kando yake zinavuta moshi wa taka zetu. Ndiyo maana ndoo mbili za jikoni na barua yenye muhuri ni sehemu za kazi moja, na mtaa unaoanza na kimoja unapaswa kupanga mapema tarehe ya kuanza kingine.