Wiki ya kwanza kigari kipinde: ninavyofundisha roboti kwa mradi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha roboti nilifuata nilivyofundishwa mimi: wiki kumi za hesabu ubaoni, wiki nne za mradi. Siku ya maonyesho tukatoka maabara kwenda ukumbini, jua la saa nne limejaa madirishani. Vigari saba vya kufuata mstari mweusi, vyote vikaacha mstari. Jua lilikuwa limevipofusha vihisi vya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, vinavyosoma mstari, na hakuna kundi lililowahi kuvijaribu nje ya taa za maabara. Wala mimi. Tangu siku hiyo naanza kinyume.

Siku ya kwanza gawa vifaa, notsi baadaye. Makundi ya watu wanne, na kila kundi lipewe Arduino Uno (kibao cha kompyuta ndogo kinachobeba programu), mota mbili za njano zenye giaboksi, kiendeshi cha mota L298N, kihisi cha mwangwi HC-SR04, vihisi vya mstari na betri. (Mimi hununua Kariakoo, na huongeza mota za akiba maana zitaungua.) Kazi ni moja: kigari kitembee mita mbili kikiwa kimenyooka. Hakitanyooka. Mota za bei hiyo hazilingani mwendo hata ukizipa volti ileile. Mwanafunzi akija na "Madam, mbona kinakwenda kushoto?" usimjibu. Mwambie ahamishe mota ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kikianza kupinda upande wa pili, kosa ni la mota. Kikiendelea kupinda upande uleule, akague magurudumu, waya na programu yake.

Hapo ndipo naenda ubaoni kuandika PID, kanuni ya kusahihisha mwendo kwa kupima kosa (P hutazama kosa la sasa, I jumla ya makosa yaliyopita, D kasi ya kosa kubadilika), na wananisikiliza kwa sababu kigari kimeshawatia aibu. Waanze na P peke yake juu ya mstari, waiongeze mpaka kigari kianze kuyumba kama mlevi, kisha watie D kukituliza. I mara nyingi hatuihitaji kabisa.

Umeme ndio utakaokula muda wenu, kwa hiyo utengee wiki nzima. L298N inameza yenyewe kama volti 2, basi betri nne za volti 1.5 zinaiachia mota kama volti 4 tu. Mota zikianza kuzunguka, volti hushuka na Arduino hujizima na kujiwasha. Wanafunzi watailaumu programu siku tatu mfululizo. Wape mita ya volti, wapime wakati mota zinazunguka. Dawa ni betri mbili, ya mota na ya Arduino, lakini waya hasi zote ziungwe pamoja. Hilo la hasi husahauliwa kila mwaka. Betri za lithiamu zisichajiwe bila mtu chumbani.

Kisha ingia kwenye uhuru wa roboti, yaani kigari kujiamulia. HC-SR04 hupima umbali kwa muda wa mwangwi kurudi, na programu nyingi hutumia mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, ambao ni wa nyuzi joto 20. Dar ikiwa nyuzi 32 ni karibu mita 350. Wapige hesabu waone wanakosea sentimita ngapi kwenye mita mbili. Halafu tundika khanga mbele ya kigari. Kitambaa hunyonya sauti, mwangwi haurudi, na programu yao huenda ikapokea sifuri. Sifuri ina maana gani: njia ni nyeupe, au kitu kimegusa pua? Kigari kisimame, kirudi nyuma, au kipime tena mara tatu? Somo hili waache wabishane, hata kipindi kikipita muda.

Alama: 40 kwa daftari la hitilafu, ambamo kila kosa lina tarehe, walichodhani na walichokuta, 20 kwa maonyesho, 40 kwa mtihani wa ana kwa ana. Ukiyapa maonyesho alama nyingi, mmoja atafanya kazi na watatu watashika bango.

Kwenye mtihani huo nachomoa waya mmoja kabla kundi halijaingia, kisha naokota jina kwenye kikombe. Aliyetajwa ana dakika kumi kuupata. Muhula uliopita jina lilimwangukia binti mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akiongea darasani. Akawasha kigari, akazitazama mota zikigoma, akasema, "Madam, hasi umeitoa," na mkono wake tayari uko kwenye waya.